Namna ya Kutengeneza Humusi Yenye Bakteria Hai kwa Viungo Vilivyochachushwa Nyumbani

Wanaoanza kutengeneza humusi ya kuchachusha huuliza maswali yale yale: dengu zichachushwe kabla ya kupikwa au baada ya kupikwa, mtindi wa dukani unafaa au haufai, na kwa nini humusi iliyolazwa mezani usiku kucha imekutwa asubuhi ina povu na harufu ya kuoza. Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo, kwa kutumia vitu vinavyopatikana katika masoko ya kawaida ya Afrika Mashariki.

Humusi ni chakula cha Lebanoni, Syria, Palestina na nchi zilizo jirani nazo. Dengu hupikwa hadi zilainike, kisha husagwa pamoja na tahini (ufuta uliokaangwa na kusagwa), ndimu, kitunguu saumu na chumvi. Ikitengenezwa kwa njia ya kawaida haina bakteria hai wa kutajika, kwa sababu dengu zimechemshwa na viungo vyake vingine havikuchachushwa. Ukitaka iwe nao, ni lazima waingizwe wakiwa hai, na waingizwe baada ya dengu kupoa. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: karoti na kitunguu saumu vichachushwe kwanza, dengu zipikwe peke yake, zipoe kabisa, ndipo vyote vikutanishwe.

Sishauri hata kidogo dengu zilizokwisha kupikwa ziachwe mezani zichache zenyewe. Dengu zilizoiva zina maji mengi, wanga na protini, na hazina uchachu wa kuzilinda. Wapo bakteria, kama Bacillus cereus, ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa na huamka chakula kinapokaa katika joto la chumba. Karoti mbichi iliyozama ndani ya maji ya chumvi iko katika hali tofauti, kwa kuwa bakteria wa asidi ya laktiki tayari wako juu ya ganda lake, chumvi huwapendelea kuliko wale waharibifu, na baada ya siku chache asidi wanayoitoa hufunga mlango kwa wengine.

Neno probiotiki nalo litumike kwa kiasi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) pamoja na Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yao ya mwaka 2001, yalilitumia kwa vijidudu hai ambavyo vikiliwa kwa kiasi cha kutosha humpa mlaji faida ya kiafya. Vikundi vya akina mama wa Mwanza vilivyotengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1 vilikuwa vikitumia aina iliyochaguliwa na kuchunguzwa katika maabara. Chupa ya karoti ya nyumbani ina bakteria hai wengi, lakini hakuna aliyewahesabu wala kuwatambua mmoja mmoja. Kula humusi hii kwa kuwa ni chakula kizuri, wala usimpe mgonjwa badala ya dawa.

Vinavyohitajika

Kwa chupa ya kuchachushia, ambayo huandaliwa siku 10 hadi 14 kabla ya siku ya humusi:

- karoti gramu 300, zilizo imara na zisizonyauka;
- vichwa viwili vya kitunguu saumu;
- maji mililita 500 yaliyochemshwa na kupoa;
- chumvi gramu 20, yaani kijiko kikubwa kimoja kilichojaa kidogo;
- chupa ya kioo ya lita moja yenye mdomo mpana na kifuniko, pamoja na kitu kidogo cha kioo cha kukandamizia.

Kwa humusi yenyewe:

- dengu kavu gramu 250;
- magadi soda ya unga, kijiko kimoja cha chai;
- ufuta mweupe gramu 120 na vijiko vikubwa viwili au vitatu vya mafuta ya ufuta au ya alizeti;
- juisi ya ndimu au ya limau mililita 60;
- mtindi mzito usio na sukari mililita 250;
- bizari nyembamba, ambayo wengine huiita uzile, nusu kijiko cha chai;
- mafuta ya zeituni ya kumiminia juu.

Dengu zinazokusudiwa ni zile kubwa, za mviringo, za rangi ya maziwa, ambazo maduka ya Wahindi huziuza kwa jina la kabuli chana. Zile ndogo za kahawia zinafaa pia, ila maganda yake ni magumu na humusi yake huwa nyeusi kidogo. Choroko, ambazo Kenya huitwa ndengu, hazihusiki hapa. Andaa pia blenda, chujio, kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila sabuni yenye manukato, sinia pana na mizani ya jikoni. Karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha uchachu, si za lazima, lakini zinamwondolea anayeanza wasiwasi mwingi, na bei yake si kubwa.

Hatua za kazi

1. Osha chupa na kifuniko kwa maji ya moto na sabuni, suuza vizuri, kisha vimwagie maji yanayochemka na uviache vikauke vyenyewe. Kitambaa cha kukaushia vyombo huirudishia chupa uchafu ulioutoa.

2. Koroga chumvi ndani ya maji yaliyopoa hadi iyeyuke yote. Maji ya bomba yenye klorini yachemshwe kwanza bila kufunikwa, kwa sababu klorini huwadhoofisha bakteria unaowahitaji. Chumvi yenye madini joto haizuii kuchacha. Inaweza tu kuyafanya maji yasiwe angavu sana. Usipunguze chumvi kwa kufuata mazoea ya mdomo wako, hasa ukiwa unaishi kwenye joto, kwa kuwa chumvi ikipungua karoti hulainika na huteleza kabla uchachu haujakomaa.

3. Osha karoti, zikate vijiti vya urefu wa kidole, na umenye punje za kitunguu saumu. Karoti usizimenye, zisugue tu kwa maji, maana bakteria wa kuanzishia kazi wako kwenye ganda. Panga vitunguu chini na karoti juu yake, zikiwa zimebanana, kisha mimina maji ya chumvi hadi yazifunike kabisa. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya kifuniko. Weka kitu cha kukandamizia ili kisiwepo kipande kinachoelea. Kosa linaloharibu chupa nyingi kuliko makosa mengine yote ni hili la kipande kimoja kuachwa kichungulie hewani, kwa sababu ukungu huanzia hapo.

4. Funga kifuniko bila kukikaza sana, weka chupa juu ya sahani, mahali penye kivuli, mbali na jiko na dirisha la jua. Kwa siku tano za kwanza ilegeze kila siku ili hewa itoke. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, ambako joto la chumba hukaa karibu na nyuzi 28 hadi 30, viputo huonekana siku ya pili na karoti huwa chachu vizuri baada ya siku saba hadi kumi. Iringa, Arusha au Nairobi kazi hiyo hiyo huchukua siku 12 hadi 14, na wakati wa baridi huenda ikazidi hapo. Onja kuanzia siku ya saba kwa uma safi. Karoti iliyo tayari hukatika kwa sauti mdomoni, ina uchachu ulio wazi, na maji yake si angavu tena, yana weupe kidogo. Ukiwa na karatasi za pH, subiri hadi zisome 4 au chini yake. Baada ya hapo chupa iingie kwenye jokofu. Kitunguu saumu hupoa ukali polepole kuliko karoti, na ukikiacha wiki mbili zaidi ndani ya jokofu kitakuwa kitamu zaidi.

5. Siku moja kabla ya humusi, pima kama mtindi wako una uhai. Mtindi mwingine wa dukani hupashwa moto baada ya kuganda ili ukae muda mrefu bila jokofu, na huo hauna bakteria hai, hata kama ladha yake ni nzuri. Soma maandishi ya kifungashio kwanza. Yasipokutosheleza, chemsha kikombe cha maziwa, yaache yapoe hadi kidole kivumilie kukaa ndani kwa kuhesabu kumi, koroga vijiko viwili vya mtindi huo, funika na uyafunge kwenye taulo usiku kucha. Yakiganda, mtindi wako uko hai. Yakibaki maji, tafuta mwingine.

6. Tandaza kitambaa juu ya chujio lililowekwa kwenye bakuli, mimina mtindi, kunja kitambaa na uweke vyote ndani ya jokofu kwa saa nne au zaidi. Juu utabaki na mtindi mzito unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika, sawa na ule ambao Waarabu wa Shamu (Syria na jirani zake) huuita labna, na chini utakuwa na maji ya rangi ya kijani-manjano. Usiyamwage maji hayo. Yana bakteria hai, na yanafaa kwa kulegezea humusi au kwa kuanzishia chupa nyingine ya mboga. Asiyetumia maziwa airuke hatua hii pamoja na iliyotangulia. Maji ya chupa ya karoti yanamtosha.

7. Chambua dengu, ondoa mawe na zilizotobolewa, zioshe, kisha ziloweke katika maji lita moja yenye nusu kijiko cha chai cha magadi kwa saa 12. Mahali penye joto kali ziloweke ndani ya jokofu, au badilisha maji mara mbili, la sivyo zitaanza kutoa povu na harufu. Ukikosa muda, dengu za kopo zinakubalika: zioshe, uzichemshe tena dakika 15, na uendelee kuanzia hatua ya tisa.

8. Mwaga maji ya kulowekea, suuza dengu, zitie kwenye maji mapya na nusu nyingine ya magadi, na uzichemshe. Kwenye sufuria ya kawaida zitahitaji kati ya dakika 45 na saa moja na nusu, kulingana na umri wake. Dengu zilizokaa ghalani muda mrefu huchelewa. Kwenye sufuria ya presha dakika 20 hadi 25 zinatosha, na usiijaze kupita nusu, kwa sababu povu na maganda yanaweza kuziba tundu la mvuke. Ondoa povu linalopanda. Dengu imeiva pale unapoibana kati ya kidole gumba na cha shahada ikasagika bila kokwa ndani. Wengi huziepua zikiwa zinatafunika tu, na baadaye hulaumu blenda kwa humusi yenye chengachenga.

9. Mwaga dengu kwenye beseni la maji baridi safi ya kunywa na uzisugue taratibu kwa viganja. Maganda yatapanda juu. Yaondoe kwa chujio, na urudie mara mbili au tatu. Maji haya huondoa pia magadi yaliyobaki, jambo ambalo ni la lazima kwa humusi hii, kwa kuwa magadi hupambana na asidi ile ile unayotaka ikulinde. Chuja, tandaza dengu kwenye sinia pana, na uzipeleke kwenye jokofu. Zisikae nje zaidi ya saa mbili, na katika joto la pwani saa moja inatosha. Zisirundikwe kwenye sufuria yenye kifuniko, maana katikati ya rundo hubaki vuguvugu hadi usiku wa manane.

10. Zikiwa zinapoa, andaa tahini. Ufuta wa sokoni, hata ule mzuri wa Lindi na Mtwara, mara nyingi una mchanga mwembamba ambao jicho halioni lakini meno huukuta. Upepete kwenye ungo, uutie kwenye bakuli la maji na uukoroge: ufuta huelea au huchelewa kuzama, mchanga huzama upesi. Uchote kwa chujio la matundu madogo bila kugusa kilicho chini, rudia mara mbili, kisha uanike hadi ukauke. Ukaange kwa moto mdogo, bila mafuta, ukikoroga muda wote, kwa dakika kama tano, hadi punje za kwanza zianze kurukaruka na harufu ipande. Ukifika rangi ya kahawia umepita, na tahini itakuwa chungu. Usage ungali na joto, ukiongeza mafuta kidogo kidogo, hadi utiririke kutoka kwenye kijiko. Uache upoe.

11. Hakikisha sasa kila kitu ni baridi. Dengu ukiigusa kwa ndani ya kifundo cha mkono usisikie uvuguvugu wowote. Joto linalozidi nyuzi 45 huanza kuwadhuru bakteria hawa, na linalozidi 60 huwaua, nawe utakuwa umeitupa kazi ya wiki mbili katika dakika moja.

12. Tia kwenye blenda tahini, juisi ya ndimu, punje nne hadi sita za kitunguu saumu kilichochachushwa, bizari na vijiko vikubwa vitatu vya maji baridi ya chupa ya karoti. Saga hadi tahini, ambayo mwanzoni itaganda na kushikamana, ilegee tena na kugeuka nyeupe. Ongeza dengu kwa mafungu, pamoja na vijiti vichache vya karoti ukipenda rangi ya machungwa. Saga kwa vipindi vifupi, ukiizima blenda na kukwangua kingo, kwa sababu mashine inayozunguka dakika tano mfululizo hupasha chakula moto. Humusi ikiwa nzito mno, ongeza maji ya chupa au maji ya mtindi, kijiko kimoja kimoja. Mafuta ya zeituni usiyasage humo. Kusagwa kwa kasi huyafanya yawe machungu.

13. Ihamishie kwenye bakuli, ukunje ndani yake kwa mwiko vijiko vikubwa vitatu vya mtindi uliochujwa, kisha uonje. Hapo ndipo unapoamua kuhusu chumvi, wala si kabla, kwa kuwa maji ya chupa tayari yana chumvi yake.

14. Jaza humusi kwenye chombo safi chenye kifuniko, sawazisha juu, funika, na uiache ndani ya jokofu hadi kesho yake. Ladha ya kitunguu na ndimu hutulia na kuingiana kwa muda huo, na bakteria hubaki hai kwenye baridi.

Kuhusu ndimu za chumvi

Aliye na ndimu zilizochachushwa kwa chumvi, kama zile za achari ya pwani kabla hazijapikwa, anaweza kukatakata ganda la robo moja ya ndimu na kulisaga pamoja na tahini, akipunguza juisi mbichi. Si jambo geni: mapishi ya Cairo ya karne za kati yana dengu zilizopondwa na kutiwa siki na ndimu za chumvi. Ladha yake ni ya kina kuliko ya juisi peke yake, na mimi binafsi naipendelea. Hata hivyo ndimu hizo zina chumvi nyingi sana, kwa hiyo zitegemee kwa ladha, na bakteria uwatafute kwenye karoti na mtindi.

Kuhifadhi na kula

Humusi hii ihifadhiwe kwenye nyuzi 4 au chini yake na iliwe ndani ya siku tano. Wengine hudhani kwamba kwa kuwa ina viungo vilivyochachushwa inaweza kukaa wiki tatu kama achari. Haiwezi, kwa sababu sehemu yake kubwa ni dengu zilizopikwa na uchachu wake ni mdogo kuliko wa chupa ya karoti. Chota kwa kijiko safi, kiasi utakachokula, na kilichobaki mezani usikirudishe. Usiipashe moto. Iliwe baridi, na mkate wa ufuta wa Zanzibar, chapati iliyokwisha kupoa kidogo, au vijiti vya tango.

Ambaye hajazoea vyakula vya kuchachusha aanze na vijiko viwili kwa siku, la sivyo tumbo litajaa gesi. Mwenye mzio wa ufuta asiile. Mwenye shinikizo la damu aache maji ya chupa na alegeze humusi kwa maji ya mtindi. Wajawazito, wagonjwa wenye kinga dhaifu na watoto wachanga wasipewe bila ushauri wa daktari.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Kitunguu saumu kimegeuka kijani au buluu.* Ni kawaida. Viasili vya salfa vilivyo ndani yake hubadilika rangi vinapokutana na asidi. Kinalika.

*Kuna utando juu ya maji ya chupa.* Tazama umbo lake kwa makini. Utando mweupe, tambarare, mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa, ni hamira za porini. Uondoe kwa kijiko, futa kingo za chupa, na uongeze uzito wa kukandamizia. Vinyweleo vya kijani, vyeusi au vya waridi ni ukungu. Mwaga chupa yote, usijaribu kuokoa karoti za chini.

*Hakuna viputo hadi siku ya nne.* Ama chumba ni baridi, ama maji yalikuwa na klorini, ama karoti zilimenywa na kuoshwa kupita kiasi. Sogeza chupa mahali penye joto zaidi na uongeze kijiko kikubwa kimoja cha maji ya mtindi hai. Ikifika siku ya saba bila uchachu wowote, mwaga na uanze upya.

*Karoti zinateleza na maji yanavuta kama mlenda.* Chumvi ilikuwa ndogo au joto kubwa. Usizitumie kwenye humusi.

*Nimeweka kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta badala ya maji ya chumvi.* Kitupe. Ndani ya mafuta hakuna hewa wala asidi, na hayo ndiyo mazingira ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye sumu yake haina harufu wala ladha ya kukuonya.

*Humusi ni chungu.* Ufuta uliungua, au ndimu ilikamuliwa hadi ganda likatoa mafuta yake, au mafuta ya zeituni yalisagwa. Kijiko cha mtindi huupunguza uchungu, lakini hakiuondoi.

*Humusi ina chumvi nyingi.* Saga dengu nyingine zilizopoa, au tahini zaidi, na uchanganye. Maji matupu yataifanya iwe nyepesi bila kuiponya.

*Humusi imekuwa nyepesi baada ya siku mbili.* Mtindi haukuchujwa vya kutosha. Mwaga maji yaliyojitenga juu, koroga, na safari nyingine uuache mtindi kwenye kitambaa usiku kucha.

*Kifuniko kimevimba, au humusi ina viputo na harufu kali isiyo ya mtindi wala ya ndimu.* Usionje ili kuhakikisha. Imwage yote, osha chombo kwa maji yanayochemka, na ukague kama jokofu lako linapoza ipasavyo, hasa ikiwa umeme ulikatika kwa saa kadhaa.